MGENI NJOO, MWENYEJI APONE
Historia ya msitu wa Jozani, wageni wake na sanduku letu



Kamati ya sherehe ilituomba sisi waanzilishi tuandike historia ya kikundi kwa ajili ya kitabu hiki cha kutimiza miaka kumi. Tulipokaa kuianza kazi tukaona haiwezekani kulieleza sanduku bila ya kueleza fedha zilizoingia ndani yake. Fedha nazo haziwezi kuelezwa bila ya kuwataja wageni, na wageni hawaelezeki bila ya kuutaja msitu na wale kima. Basi ikabidi turudi nyuma zaidi ya tulivyokusudia. Mtatuwia radhi.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni maneno mazuri na tumeyasikia katika hotuba nyingi za mambo ya utalii. Lakini wenyewe kwa wenyewe, tukiwa kisimani au tukisuka ukili, tumekuwa tukiulizana: haya, mgeni amekuja, tena wengi. Je, mwenyeji amepona? Historia hii ndiyo jibu letu. Tunasema kuwa mgeni peke yake hamponyeshi mwenyeji. Mgeni ni kama mvua, na mvua humfaa aliyetega chombo. Asiyetega chombo ataroa tu, na kesho yake atakwenda kisimani kama kawaida.

MSITU ULIPOKUWA KABATI LETU

Msitu wa Jozani uko kiasi cha kilomita 35 kutoka Mjini, ukiifuata barabara ya kusini mashariki iendayo Paje na Makunduchi. Upande mmoja kuna Ghuba ya Chwaka na mikoko yake, upande mwengine kuna mikoko ya Pete. Katikati ni msitu wa majimaji. Masika yakipiga, chini ya miti hujaa maji na njia hupotea. Ukitoka msituni unaingia kwenye ardhi ya mawe, ambapo jembe hugonga jiwe kabla ya kufikia udongo wa maana. Hapo ndipo tulipozaliwa, na hapo ndipo tulipolima mihogo, kunde na ndizi zetu. Mikarafuu ya kutajirisha mtu hatukuwa nayo kama ndugu zetu wa Pemba.

Kwa hiyo msitu ndio uliokuwa kabati letu. Ukikosa kuni, unakwenda msituni. Ukitaka fito za kujengea, ukindu wa mikeka au dawa ya mtoto, ni huko huko. Serikali iliutangaza kuwa msitu wa hifadhi tangu mwaka 1960, lakini kwa mama aliyekuwa na chungu mekoni na watoto wanangoja, tangazo halikuzuia kwenda kutafuta kuni. Wengine tulichoma makaa. Tunasema haya bila ya kuona haya, kwani ndiyo yaliyotulea.

Humo msituni wamo kima wekundu wa mgongo, wenye nywele nyeupe zilizosimama kichwani kama kizee aliyeamshwa usingizini. Hawapatikani kwa asili popote duniani isipokuwa kisiwa hiki cha Unguja. Sisi tukiwaita kima punju, na punju maana yake ni sumu. Watu wakiamini kwamba mti ukiliwa sana na kima huyu hufa, na kwamba mbwa akimla kima huyu hunyonyoka manyoya. Hakuna aliyewapenda. Wakila majani ya mikungu na miembe yetu, wakishuka mashambani, na jambo la kustaajabisha kuliko yote, wakiokota vipande vya makaa kwenye matanuri yetu na kuvitafuna. Tukidhani ni wazimu. Baadaye, mwaka 1997, wataalamu waliandika kwamba makaa huwasaidia kuondoa ukali ulioko katika majani ya mikungu na miembe. Kumbe mnyama alikuwa anajitibu tumbo!

KARAFUU, MWANI, KISHA WAGENI

Mtoto wa leo anaweza kudhani hoteli zimekuwepo siku zote. Si kweli. Zanzibar iliishi kwa karafuu. Bei ya karafuu ilipoanguka katika miaka ya 80, nchi nzima ilitikisika, nayo Serikali ikaanza kufungua milango kwa wafanyabiashara na wawekezaji. Katikati ya miaka hiyo wageni waliofika visiwani kwa mwaka walikuwa wapata elfu ishirini tu. Mwaka 1987 ikaundwa Kamisheni ya Utalii.

Lakini kwa sisi wanawake wa kusini na mashariki, fedha ya kwanza kushika mkononi haikutoka kwa mgeni. Ilitoka baharini. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989 huko Paje na Jambiani, kikaenea kijiji baada ya kijiji, na walioingia majini kufunga kamba na mambo walikuwa wanawake zaidi ya wanaume. Bei ilikuwa ndogo, mgongo ukiuma, macho yakiwaka kwa chumvi. Hata hivyo, mwanamke aliuza mwani wake, akapokea fedha yake, akanunua sare ya skuli bila ya kumngoja mtu. Wapo waume walionuna. Baadaye walizoea, hasa walipoona bati jipya limepanda juu ya nyumba.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu. Mwani ulitufundisha kupata fedha, ila haukutufundisha kuiweka. Iliingia asubuhi na ikatoka jioni. Na miaka ya baadaye maji ya bahari yalipozidi joto, ule mwani wenye bei nzuri ukawa unaoza na kufa, na wengi wetu tukarudi nyumbani mikono mitupu.

KIMA WAKAWA NA BEI

Mwaka 1995 idara ya misitu ikishirikiana na shirika la CARE ilianza mradi wa kuhifadhi Jozani na Ghuba ya Chwaka. Wageni walikuwa wameshaanza kufika msituni kidogo kidogo. Wengi hawakwenda mbali, kwa kuwa kima walio rahisi kuonekana hawakuwa ndani ya msitu. Walikuwa ukingoni, ndani ya mashamba ya watu, kwenye mikungu na miembe iliyopandwa na watu. Sasa fikiria mwenyewe. Shamba ni lako, kima anakula mazao yako, mgeni anasimama shambani kwako anampiga picha, na kiingilio kimelipwa kwengine. Utafurahi?

Wenye mashamba walikasirika, na walikuwa na haki. Wakaunda umoja wao wakadai. Majadiliano yalikuwa marefu na yakawa na maneno makali, lakini yalizaa jambo la maana. Ilikubalika kwamba katika fedha za viingilio litatoka fungu la wenye mashamba na fungu la vijiji vinavyouzunguka msitu. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 nayo ilifungua njia ya vijiji kuwekeana mikataba na Serikali ya kusimamia misitu yao wenyewe. Kima aliyekuwa adui akaanza kuwa na bei.

Sayansi ilisaidia pia. Kelele kubwa ilikuwa juu ya nazi changa zinazoliwa na kima. Mwaka 1999 watafiti wawili, Thomas Struhsaker na Kirstin Siex, walichapisha matokeo ya kuhesabu nazi hizo, wakaonesha kuwa mavuno ya mwisho hayakupungua, kwani mnazi wenyewe huangusha vidaka vingi hata visipoguswa na mnyama. Wazee wengine hawakukubali mpaka leo. Hatutaki kuwasemea. Ila tunajua kuwa mabishano ya namba ni bora kuliko mabishano ya mapanga.

Jambo jengine lilikuwa barabara. Ilipotiwa lami katika miaka ya 90 magari yakawa yanakimbia, na kima akawa anagongwa kila baada ya wiki mbili au tatu katika kipande kile kidogo. Yakawekwa matuta, na vifo vikapungua sana. Matuta hayo hayo ndiyo yanayompunguzia mwendo dereva leo akaona meza zetu za ndizi na machungwa.

Upande wa Pete ikajengwa njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, mgeni atembee bila ya kutia mguu topeni. Mwaka 2004 msitu pamoja na ghuba vikawa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, yenye kilomita za mraba 50. Mwaka 2008 kikafunguliwa kituo cha vipepeo hapo Pete, wanavijiji wakawa wanafuga na kuuza vifukofuko vyao. Mwaka 2016 UNESCO ikaliingiza eneo letu katika orodha yake ya hifadhi za binadamu na viumbe hai. Na kima punju? Hesabu iliyofanywa kisiwa kizima na kutangazwa katika miaka ya 2010 iliwakadiria kuwa wapata 5,800, wengi zaidi kuliko ilivyodhaniwa.

SWALI LA KUNI

Mpaka hapo historia inapendeza, na vitabu vingi vinaishia hapo. Sisi tunaendelea, kwa sababu kuna swali lilibaki mezani bila ya mwenyewe.

Msitu ulipofungwa, aliyepoteza kwanza ni nani? Ni mwenye kwenda kuokota kuni. Na mwenye kwenda kuokota kuni ni mwanamke. Mwanamme aliyekuwa akikata miti aliweza kuwa mlinzi au mtembezaji wa wageni. Fungu la kijiji lilikwenda katika mambo ya pamoja kama maji na madarasa, nasi tunashukuru, mfereji ukiwa karibu faida ni ya kila mtu. Lakini mambo ya pamoja yaliamuliwa katika vikao ambavyo sisi tulikuwa tukikaa nyuma, na wakati mwengine hatukuwepo kabisa, tuko jikoni tunawapikia wenye kikao.

Halafu tazama mgeni mwenyewe anavyokuja. Anatoka hotelini na gari ya Mjini, ameshalipa Mjini. Anatembea saa moja, anapiga picha ya kima, anakunywa maji aliyokuja nayo, anakwenda zake pwani. Kijiji kimeona vumbi tu. Mwenzetu mmoja, ambaye shamba la marehemu baba yake lilikuwa ukingoni mwa msitu, alisema maneno ambayo hatujayasahau: "Wanangu, mimi nimewalisha kima miaka ishirini. Sasa na wao wanilishe mimi."

Swali likawa hilo: tutaifanyaje fedha ya mgeni isimame kijijini, na isimame mikononi mwetu? Kuuza kitu kulihitaji mtaji. Benki iko Mjini, inataka hati na mdhamini. Kwa muuza duka deni lilikuwa halishi. Ndipo tunapofika kwenye sanduku.

SANDUKU LILIKOTOKA

Watu wengi hufikiri sanduku la kuweka na kukopa tumelibuni sisi, au limeletwa na Wazungu. Ukweli ni kuwa limetoka kwa wanawake wenzetu wa Afrika. Mwaka 1991 huko Maradi, nchini Niger, CARE ilianza kufanya kazi na vikundi vya wanawake wa Kihausa, kwa kuanzia na upatu waliokuwa nao tayari. Tofauti na upatu ilikuwa ndogo lakini kubwa kwa maana yake. Badala ya fungu lote kuchukuliwa na mmoja kila mzunguko, fedha zilibaki pamoja, zikakopwa kwa zamu ya haja, na mwisho wa muda zikagawanywa kwa hesabu.

Njia hiyo ilifika Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mlango ulioingilia ulikuwa ni huu huu mradi wa Jozani. Waliokuwa wakilinda kima walitambua kwamba mtu mwenye njaa halindi kitu. Na hapa pana jambo la kujivunia. Mradi ulipomalizika, vikundi havikufa. Viliongezeka. Wanakijiji walifundishana wenyewe, kikundi kimoja kikizaa chengine, bila ya gari wala mfadhili. Sisi ni mmoja wa wajukuu hao. Mwaka 2015 mama mmoja wa kijiji cha jirani alikuja kwa daladala na daftari lake mkobani, akatufundisha Jumamosi baada ya Jumamosi.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Kila kikao mwanachama hununua hisa moja hadi tano. Kila hisa hupigwa muhuri katika kitabu chake, hivyo hata asiyejua kusoma huhesabu mihuri yake mwenyewe na hadanganywi. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku hulala kwa mtu wa nne. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, kwa sauti. Upo mfuko wa pembeni kwa ajili ya maradhi na misiba. Na kabla ya Ramadhani tunavunja sanduku tukagawana, halafu tunaanza upya. Mali bila daftari huisha bila habari.

Suala la riba lilitusumbua mwanzo. Wenzetu wengine waligoma kujiunga mpaka lipatiwe ufumbuzi, na walikuwa sawa. Tuliuliza wenye elimu ya dini, tukakubaliana kwamba mkopaji atarudisha kile kile alichokopa. Faida ya kikundi tukaitafuta kwenye biashara: tunanunua mchele, unga na sukari kwa jumla Mjini, tunawauzia wanachama kwa bei nafuu kuliko dukani. Kilichozidi ndicho faida yetu. Tangu siku hiyo hakuna aliyekaa nje kwa ajili ya dini yake.

TULIPOANGUKA MARA YA KWANZA

Tusije tukaandika kana kwamba tulipaa tu kama tiara. Mwaka wa pili tulianguka.

Hoteli moja ya pwani, ambayo hatuitaji, ilituagiza mikeka na vikapu vingi kwa mpigo. Lo, tulifurahi! Tukakopeshana karibu fedha yote ya sanduku, tukanunua ukili na rangi, tukasuka usiku na mchana, watoto wakakojowa bila ya kubadilishwa. Siku ya kupeleka mzigo tukaambiwa meneja amebadilika, na huyu mpya hana habari ya mikeka. Hatukuwa na karatasi hata moja. Tulirudi na mzigo juu ya gari, hakuna aliyezungumza mpaka tukafika Kitogani.

Kikao cha wiki ile kilikuwa kizito. Kila mtu anadaiwa na kila mtu anadai, na sanduku linalia kama debe tupu. Tungeweza kuvunja kikundi siku ile. Badala yake tukaandika kanuni tatu ukutani, na bado zipo. Kwanza, agizo lolote kubwa lina maandishi na nusu ya malipo mbele. Pili, nusu ya fedha za sanduku haikopeshwi kwa biashara ya wageni hata iweje. Tatu, tusisuke wote kitu kimoja. Mikeka ile tuliiuza mmoja mmoja barabarani na kwenye harusi, ikachukua miezi minane.

Kanuni ya tatu ndiyo iliyotufungua macho. Tulikuwa tukitazamana na kuigana: huyu kaanza vikapu, wote vikapu. Baada ya hapo mmoja akashika sabuni ya mwani, mwengine asali ya nyuki wa mikokoni, mwengine hina na piko, wawili wakashirikiana kupika. Hawa wa kupika ndio waliofanikiwa zaidi. Walikwenda kwa vijana watembezaji, ambao ni wana wetu na wajomba wa watoto wetu, wakawaambia: "Nyinyi mnao wageni, sisi tunalo sufuria. Mgeni akimaliza kutembea, mleteni ale samaki wa kupaka na muhogo wa nazi nyumbani kwa watu." Hapo ndipo gari ya Mjini ilipoanza kusimama kwa zaidi ya saa moja.

Na tazama fedha inavyotembea ikisimama kijijini. Mgeni akilipa chakula, mpishi humlipa mvuvi, mwenye nazi, mwenye muhogo na mwenye kuku. Hao wote wana mke, mama au dada ndani ya kikundi. Jumamosi fedha ile ile inaingia sandukuni kwa jina la mwengine, na Jumamosi inayofuata inatoka kwa mwengine tena kwenda kulipia skuli. Shilingi moja ya mgeni inafanya kazi mara tatu au nne kabla ya kupanda daladala kurudi Mjini. Huo ndio uchumi wa kijiji kama tunavyouelewa sisi.

MWAKA 2020

Halafu ikaja korona. Mwezi Machi 2020 ndege za wageni zilisimama. Barabara ya Jozani ikanyamaza, ukisikia kima wakiruka. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 538,000, na mwaka 2020 ikapokea wapata 260,000, na hata baada ya milango kufunguliwa tena mwezi Juni hawakuja mara moja. Watembezaji walikaa barazani. Waliokuwa wakifua mashuka hotelini walirudi nyumbani na mabegi yao.

Kikundi kiligawanyika. Upande mmoja ulisema tuvunje sanduku sasa hivi, kila mtu ale chake, hali haijulikani. Upande mwengine ulisema tukivunja leo, kesho tutakopa wapi? Tulibishana vikao viwili. Wawili waliondoka kwa hasira wakachukua hisa zao, nasi hatukuwazuia, ni haki yao.

Waliobaki tuliamua hivi. Wenye madeni ya biashara ya wageni waongezewe muda, bila ya maneno. Mfuko wa pembeni ununue unga kwa nyumba zilizozidiwa. Na ile nusu tuliyoiwekea kanuni tangu mikeka ituponze ikopeshwe kwa kilimo, mwani na kuku tu. Tukarudi mashambani, tena wengine kwa majembe ya kuazima. Ilikuwa ni mihogo na samaki, hatukula nyama mpaka Idi. Lakini hakuna mwanachama aliyelala na njaa, wala hakuna aliyerudi msituni kuchoma makaa. Tunataka wajukuu zetu walisome jambo hilo la pili zaidi ya la kwanza. Msitu ulihifadhika katika miezi ile na hapakuwa na kiingilio hata kimoja. Ulihifadhiwa na sanduku la muhogo.

Mmoja kati ya wale wawili amesharudi. Alikaribishwa kwa chai, hakuna aliyemkumbusha.

JE, MWENYEJI AMEPONA?

Mwaka 2024 wageni waliofika Zanzibar walipindukia 736,000. Ni wengi kuliko tulivyowahi kuota. Tunawakaribisha, lakini hatutaki kudanganyana. Yapo yaliyobaki.

Wanawake watembezaji wageni bado wachache. Katika kikundi chetu yupo binti wa mwanachama aliyelipiwa masomo kwa mkopo wa sanduku, sasa anawatembeza wageni kwa Kiingereza na Kitaliano. Mmoja hatoshi. Fungu la kijiji nalo linahitaji kusomwa hadharani, kwa sauti, kama tunavyosoma sanduku letu kila Jumamosi. Tumeliomba hilo kwa sheha kwa adabu na tutaendelea kuomba. Kuni bado ni tatizo. Miti ya kuni tuliyoipanda inasaidia, gesi bado ghali. Na watoto wetu wengine wamejifunza kumkimbilia mgeni na kunyosha mkono. Hilo linatuuma, na dawa yake iko nyumbani kwetu, haiko kwa mgeni.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: mwenyeji hajapona, ila amekaa kitandani na anakunywa uji mwenyewe. Kima ameacha kuwa sumu. Mwenzetu yule aliyesema kima wamlishe, mwaka jana alilipia bati la nyumba yake kwa mgao wa sanduku. Tulimuuliza, je, wamekulipa? Akacheka, akasema, "Kidogo. Wamebakisha deni." 

Kwa vikundi vya vijiji vyengine vinavyotaka kuanza, tunasema machache. Msingoje hoteli, anzeni na sanduku. Msimtegemee mgeni mmoja, wala soko moja, wala zao moja. Mlindeni mnyama na mti, kwani mgeni hakufuata sura zetu. Na msiache jembe likashika kutu hata siku wageni wakijaa mpaka barabarani.

Tunawashukuru waume zetu waliovumilia Jumamosi za chakula kilichochelewa, sheha na kamati yake, vijana watembezaji, walimu wa skuli waliotusahihishia hesabu, na mama yule wa daladala aliyetufundisha bila ya kuchukua hata nauli. Waliotangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Tuliobaki, kikao ni Jumamosi saa kumi alasiri, kama kawaida. Njooni na vitabu vyenu, na mwenye ufunguo asichelewe.

Wabillahi tawfiq.